Si kila lori lisilowaka lina pampu mbovu

Saa kumi na moja alfajiri, Kirumba Mwaloni, Mwanza. Magunia ya dagaa yameshapakiwa na wingu zito limetanda upande wa ziwa. Dereva anapiga stata, injini inashika, inanguruma sekunde kumi hivi, kisha inazima. Anapiga tena, inazunguka tu bila kushika. Utingo hajamaliza kushuka, tayari watu watatu wametoa hukumu: pampu ya dizeli hiyo, imekufa. Lori langu la tani 7 ni la miaka ya 1990, na hukumu hiyo niliwahi kuiamini. Ilikula fedha ya safari mbili.

“Inawaka kisha inazima, basi pampu imekufa”

Pampu yangu ilifunguliwa, ikapelekwa kupimwa, ikarudishwa. Siku ile lori liliwaka vizuri. Kesho yake asubuhi, yale yale. Kumbe ugonjwa ulikuwa mpira wa dizeli uliopasuka ufa mdogo chini ya klipu, mahali ambapo mkono unafika bila kufungua boli hata moja. Liliwaka siku ile kwa sababu fundi alipofunga pampu alitoa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye mabomba, na kujaza dizeli upya. Pampu yenyewe haikuwa na kosa.

Kinachowapoteza wengi ni imani kwamba kama hakuna dizeli inayodondoka, hakuna panapovuja. Kuanzia tangini hadi pampu ndogo ya kuvuta, dizeli haisukumwi, inanyonywa. Ufa ukiwa upande huo hautoi dizeli nje, unaingiza hewa ndani. Lori likilala, hewa hiyo inachukua nafasi ya dizeli, na dizeli inarudi tangini polepole. Asubuhi injini inachoma ile kidogo iliyobaki kwenye filta na pampu. Ndizo zile sekunde kumi.

Mji wetu ni wa miamba na miteremko, na hilo lina maana hapa. Ukiegesha kichwa kikitazama juu, tangi linakuwa chini zaidi ya injini na dizeli inarudi kwa urahisi. Basi jaribu usiku mmoja kuegesha kichwa kikitazama chini, mawe yakiwa yamekaza tairi. Asubuhi likiwaka kwa stata moja, tafuta panapoingia hewa kabla hujamwita mtu wa pampu.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda kuliko vyote. Chukua dumu safi lenye dizeli safi, lifungwe imara juu kuliko injini na mbali na bomba la moshi, kisha unganisha mpira wake moja kwa moja kwenye pampu ya kuvuta. Toa upepo, washa. Injini ikitulia, ugonjwa uko kati ya tangi na pale: mpira, klipu, bomba lililotoboka kwa kutu, au kichujio cha ndani ya tangi kilichoziba. Ikiendelea kuzima, kagua raba ya filta, washa (pete bapa) za shaba na pampu ya mkono, maana nazo zinachoka. Kipande kifupi cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, ukikiweka kabla ya filta, kitakuonyesha mapovu kwa macho yako.

“Stata inazunguka kwa uvivu, nunua betri”

Inawezekana. Lakini pima kwanza. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma karibu 12.6, ikisoma 12.0 iko karibu tupu. Malori mengi ya ukubwa huu yana mfumo wa volti 24, yaani betri mbili zilizofuatana, kwa hiyo jumla iwe kama 25.2. Mtu apige stata huku wewe unasoma mita ya volti: jumla ikianguka chini ya 19 hivi, betri hazina nguvu au stata inavuta umeme kupita kiasi.

Zikibaki juu na stata bado inajikokota, acha betri. Weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, kisha mwenzako apige stata. Ukiona zaidi ya nusu volti, waya wa ethi, ule unaotoka nguzo hasi kwenda kwenye chuma, ndio unaokunyima umeme. Mara nyingi tiba ni kuufungua, kuukwangua hadi chuma king’ae, na kuufunga kwa nguvu.

Na hili la redio naomba tulisikie. Watu wanaunganisha redio au chaja ya simu ya volti 12 kwenye betri moja kati ya zile mbili. Betri hiyo inanyonywa peke yake, na alteneta inachaji zote mbili kana kwamba zina njaa sawa. Moja haishibi, nyingine inachemshwa. Baada ya miezi michache unanunua betri mpya moja, unaifunga pamoja na ile iliyochoka, na kuua zote. Tumia kifaa cha kushusha volti kutoka 24 hadi 12, na betri zibadilishwe mbili kwa pamoja.

Likizunguka kwa kasi nzuri bila kuwaka wala kutoa moshi, angalia kifaa cha kuzimia injini kabla ya mengine yote. Kwenye malori mengine ni kebo inayoganda ikiwa imevutwa. Kwenye mengine ni swichi ya sumaku juu ya pampu, yenye waya mmoja mwembamba. Waya huo ukichomoka, dizeli haipiti.

“Ni baridi ya ziwani, mwagia petroli kidogo kwenye hewa”

Hapana, tafadhali. Hata Julai, alfajiri ya Mwanza kwa kawaida haishuki sana chini ya nyuzi 15, na injini nzima ya dizeli haishindwi na hali hiyo. Petroli au dawa ya kuwashia inaweza kulipuka kabla ya wakati wake na kuvunja ringi na pistoni, na ikikutana na plagi ya kupasha (inayopasha silinda joto kabla ya kuwasha) iliyo moto inaweza kulipukia usoni mwa anayemwaga. Kama injini yako ni ya aina yenye plagi hizo, zipime moja moja: iliyokatika haipitishi umeme. Moshi mweupe asubuhi unaoisha injini ikipata joto ni dizeli isiyoungua. Ukiendelea siku nzima, na maji ya rejeta yanapungua, hilo ni jambo jingine, na ni kubwa.

Wanaolaumu unyevu wa ziwa kwa maji kwenye dizeli nao wanakosea kidogo. Maji mengi yanatoka kwenye mapipa yanayosimamishwa nje mialoni. Mvua inatuama juu ya pipa. Usiku dizeli inapoa na kusinyaa, na pipa linavuta maji kupitia kizibo. Laza pipa. Asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua kizibo cha chini cha kitenga maji hadi itoke dizeli tupu.

“Inatetemeka ikisimama, ongeza skrubu”

Ukiongeza mzunguko wa injini kwa skrubu hiyo unaficha mtetemo na kuongeza gharama ya dizeli. Malori mengi ya dizeli ya ukubwa wa kati hunguruma kati ya mizunguko 550 na 750 kwa dakika yakiwa yamesimama. Ikiwa inamisi, yaani silinda moja haichomi sawasawa, tafuta silinda inayolegea. Kwenye injini ya zamani yenye pampu ya kawaida, fundi hulegeza nati ya bomba la nozeli (kinachonyunyizia dizeli kwenye silinda) moja moja: akilegeza na mlio usibadilike, silinda hiyo haikuwa ikifanya kazi. Hapo ndipo zipimwe nozeli, nafasi ya valvu na mgandamizo.

Kazi hiyo isifanywe kamwe kwenye injini mpya za reli moja ya shinikizo kubwa, ambamo bomba moja nene hulisha nozeli zote. Na hata kwenye ya zamani, vaa miwani, funika nati kwa kitambaa kinene, na usipeleke kidole kutafuta panapovuja. Dizeli yenye shinikizo inapenya ngozi na kuacha tundu dogo lisiloogopesha. Ikikupata, nenda hospitali saa ile ile, hata kama huumwi, na umwambie daktari kwamba ni dizeli ya shinikizo iliyoingia mwilini.