Choo nshakisafisha na bado chanuka: maswali ya mabomba ya choo

Nikizungukia nyumba huku Kisauni, Mombasa, kuuliza nani anaharisha, naishia kuulizwa mambo ya choo kuliko dawa. Haya ndo yanayorudi kila mara.

Swali: Nasafisha kila siku na bado chanuka, kwani shida iko wapi?

Jibu: Iko kwa paipu. Chini ya choo kuna ile kona ya bomba inayobaki na maji, hayo maji ndo yanazuia hewa ya septiki isirudi ndani. Sasa fundi akikosa kuweka paipu ya kupumulia, ile inayopanda ukutani mpaka ipite bati, ukiflashi yale maji yote yanavutwa yaenda, utaskia glu glu glu alafu harufu yaanza. Choo cha chumba cha wageni nacho hukauka tu kwa joto hili letu, hicho mwagia jagi la maji yaisha. Lakini kama ni glu glu kila siku ita fundi, wacha kununua manukato (kuna nyumba nimekuta wafukiza udi chooni wallahi).

Swali: Hiyo harufu yaweza kunipa taifodi?

Jibu: La, taifodi na kipindupindu unakula ama unakunywa. Ile harufu ya mayai viza ni gesi, yaumiza kichwa na kuchefua, na mle ndani ya septiki yenyewe huua mtu, kwa hivyo hata simu ikianguka humo mtu asishuke.

Swali: Sasa uchafu unafikaje kwa maji ya kunywa?

Jibu: Kuna nyumba moja ya vyumba sita, paipu ya choo imepitishwa kando ya tangi la maji la chini, na ukuta hapo una unyevu miaka yote, wenyewe wasema ni chumvi ya bahari. Watoto watatu mle kila mwezi tumbo. Tukachukua rangi ya biriani, ile nyekundu, tukakoroga kwa ndoo tukamwaga chooni, alafu tukaenda kusimama kwa menholi. Ilitoka kidogo tu. Kurudi ndani, ukuta wa tangi ushaanza kuwa pinki. Kuchimba, kiungo hakina gundi hata kidogo, kimezungushiwa karatasi ya nailoni na simiti juu, basi.

Na si tangi peke yake. Hapa maji ni ya mgao, mfereji ukikaa siku tatu bila maji lile bomba la maji safi liko tupu ardhini, na kama lina tundu mahali palipolowa maji ya choo, lanyonya ule uchafu, alafu maji yakifunguliwa wewe ndo unakinga wa kwanza. Yaache yamwagike kidogo mpaka yawe safi, na ya kunywa chemsha mpaka yatokote. Kisima ndo kabisa, ardhi yetu ni mawe ya matumbawe yenye matundu, maji machafu yapita haraka bila kuchujwa, zile mita 30 kati ya choo na kisima wanazosema huku kwetu si za kutegemea.

Swali: Nitajuaje fundi ameweka sawa?

Jibu: Paipu iwe inchi 4 na ishuke kama sentimita 2.5 kwa kila mita, yani mita 6 mwisho uko chini sentimita 15. Fundi akija bila pimamaji mwambie akaitafute kwanza. Kila inapokata kona kuwe na menholi ya kuzibulia. Kabla hajafukia, ziba mwisho wa paipu, jaza maji, ngoja nusu saa, yakishuka kuna kiungo chavuja. Na mdomo wa ile paipu ya kupumulia funga wavu, manake mbu wa septiki ndo hao hao wanaoeneza matende na mabusha hapa Pwani.

Swali: Mke wangu hapati nafuu ya UTI (ugonjwa wa njia ya mkojo), ni choo?

Jibu: Mara nyingi vijidudu hivyo vimetoka kwa mwili wake mwenyewe. Achambe kutoka mbele kwenda nyuma, na aende akapimwe mkojo, si kununua antibayotiki dukani.

Swali: Mwenye nyumba hataki kutengeneza.

Jibu: Piga picha, mwandikie meseji ibaki, akinyamaza nenda kwa bwana afya wa kaunti. Sheria ya Afya ya Umma, sura 242, yampa nguvu ya kumwandikia notisi.

Swali: Paipu imepasuka sai ndani na mtoto anaharisha, nianze wapi?

Jibu: Kwa mtoto. Mpe ORS, ile dawa ya pakiti ya kuchanganya na maji, na kama huna, lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, umpe kidogo kidogo na uendelee kumnyonyesha. Akitoa kama maji ya mchele, macho yameingia ndani, ama ashindwa kunywa, hospitali sai hivi. Huku nyumbani yeyote asiflashi, anayesafisha avae glavu na viatu, aoshe kwa sabuni kwanza ndo apitishe jiki, na asiichanganye na asidi ya choo, ile gesi yake yachoma mapafu.