Vipindi vya mtunzi ni nini? Tumchukue John Cage na piano yake

Ukisoma habari za watunzi wa muziki utakuta wanasema hii ni ya kipindi cha mwanzo, ile ya kipindi cha mwisho, na wengi tunadhani ni suala la umri tu. Sio hivo. Kipindi kipya kinaanza pale mtunzi anapobadili namna ya kutunga, hata kama ala ni ileile, na kwa John Cage wa Marekani (1912–1992) unalisikia hilo vizuri kwenye piano peke yake, maana hakuna ala nyingine ya kukuchanganya.

Kwanza kuna piano iliyotayarishwa. Karibu na mwaka 1940 alikuwa Seattle anamtungia muziki mcheza dansi Syvilla Fort, alitaka ngoma nyingi ila ukumbi ni mdogo haziingii, basi akaanza kupachika vitu katikati ya nyuzi za piano hadi ikalia kama kikundi kizima cha ngoma. Kwenye Sonatas and Interludes (1946–48) noti 45 zimewekewa skrubu, bolti, nati, raba, na kuna jedwali linalokuambia kitu gani kikae kati ya nyuzi zipi na umbali gani. Noti nyingi za piano zina nyuzi tatu, kwa hiyo ukikanyaga pedali ya kushoto nyundo zinasogea pembeni kidogo, zinakosa uzi mmoja, na noti ileile inatoa sauti nyingine kabisa. Mimi naona ndo kazi yake nzuri kuliko zote. Hapa bado Cage ndo anachagua kila sauti.

Mwaka 1951 ikaja Music of Changes. Skrubu hakuna tena, ila sasa anarusha sarafu na kufuata I Ching, kitabu cha kale cha ramli cha Wachina, kiamue sauti gani, ndefu kiasi gani, kwa nguvu gani. Watu wanadhani mpigaji anajipigia tu anavyotaka, hapana jamani, bahati iliishia kwenye kutunga, kwenye karatasi kila kitu kimeandikwa na ni kigumu kwelikweli, mpiga piano David Tudor ndo aliupiga wote mara ya kwanza. Mwaka 1952 Tudor huyohuyo akapiga kazi nyingine ya Cage, 4'33" (dakika nne na sekunde 33), yaani akakaa mbele ya piano muda wote huo bila kupiga noti hata moja.

Halafu Etudes Australes (1974–75), mazoezi 32 aliyomtungia mpiga piano Grete Sultan, noti zimetolewa kwenye ramani za nyota za anga ya kusini, kila mkono una njia yake na mikono inabidi ipishane, huku noti kadhaa za chini zimebanwa na raba zisiachie, ili nyuzi zake ziwe zinaitikia zenyewe muda wote.

Mwishoni kabisa kuna One (1987). Sauti ni chache, Cage anaziandika halafu anaweka muda wa kuanzia na wa kumalizia, ndani ya hapo mpigaji anaamua mwenyewe aingie lini na atoke lini, uhuru ambao Tudor hakupewa mwaka 1951.