Programu ndogo ya Telnet: dhana potofu na ukweli

Telnet ni njia ya zamani ya kuingia kwenye kompyuta nyingine (seva) kupitia mtandao, kwa maandishi tu.

Dhana: Ukishaunganisha soketi (ncha ya programu yako kwenye mtandao) na poti 23 ya seva, imebaki kusoma na kuonyesha tu.

Hapa ndipo wengi wanaojifunza programu Mombasa hukwama: wameunganisha, lakini skrini tupu, au imejaa herufi zisizosomeka. Seva ya Telnet kwa kawaida huanza kwa majadiliano kabla ya kukuuliza jina. Baiti 255, iitwayo IAC, hutangaza kwamba kinachofuata ni amri, si maandishi. Ukipokea 255 253 24, seva inataka utaje aina ya terminali yako, yaani dirisha la maandishi unalotumia. Kama hujaandika sehemu hiyo, kataa kwa 255 252 24. Kwa programu ndogo, kila 253 (DO) ijibu kwa 252 (WONT), na kila 251 (WILL) kwa 254 (DONT). Namba ya tatu, yaani chaguo linalojadiliwa, irudishe vilevile. Mwangwi tu (kukurudishia unachoandika ili ukione), yaani chaguo la 1, usiukatae: seva ikisema 255 251 1, jibu 255 253 1, kisha zima mwangwi wa upande wako, la sivyo ukiandika ls utaona llss.

Dhana: Seva ikituma mara moja, recv (amri ya kusoma kutoka kwenye soketi) nayo hupokea mara moja.

TCP, itifaki inayobeba Telnet, ni mkondo wa baiti, haujui ujumbe umeanzia wapi. Ukijaribu na seva iliyo kwenye kompyuta hiyohiyo, pale chuoni Tudor, kila kitu huja kizima na unaamini umemaliza. Hamia seva ya Ulaya, kupitia nyaya za baharini zinazotua hapa Mombasa, na 255 yaweza kuangukia mwisho wa kipande kimoja, 253 24 zikaja na kinachofuata. Kwa hiyo hifadhi uliishia wapi kati ya usomaji mmoja na mwingine. Na recv ikirudisha baiti sifuri, seva imefunga muunganisho: toka, usiendelee kuzunguka.

Dhana: Nenosiri halionekani, basi liko salama.

Seva imeacha tu kurudisha mwangwi. Telnet haifichi chochote. Kwenye Wi-Fi ya mkahawa, mwenye kunasa pakiti analisoma herufi kwa herufi. Kwa kazi halisi tumia SSH, inayofanya kazi kama hiyo kwa usimbaji fiche.

Dhana: Kibodi na soketi lazima ziwe na nyuzi mbili (threads, yaani sehemu za programu zinazoendeshwa sambamba).

Kwenye Linux, select moja, amri inayosubiri data kutoka sehemu kadhaa, huzisubiri zote. Kwenye Windows select hukubali soketi pekee, hivyo huko kibodi ipe uzi wake.

Mwisho, rudisha mipangilio ya terminali uliyobadilisha ulipozima mwangwi, ndani ya finally, sehemu inayotekelezwa hata kosa likitokea. Programu ikifa kabla ya hapo, unachoandika hakitaonekana. Andika stty sane, amri ya kurejesha terminali katika hali ya kawaida, bila kuona, kisha Enter.