Kwa nini kitufe chekundu cha redio ya boti hakifanyi kazi bila tarakimu tisa?

Panda boti yoyote ya matembezi au ya kuvulia nduaro pale Mtwapa, kisha chungulia karibu na usukani. Utaiona redio ya VHF, na juu yake kifuniko kidogo cha plastiki kilichoficha kitufe chekundu. Hicho ndicho cha kubonyeza maji yakizidi unga. Lakini je, wajua kwamba redio mpya ikitoka dukani kitufe hicho huwa ni pambo tu? Ukikibonyeza, kioo kinakujibu kwamba namba haijaingizwa, na hakuna kinachotoka.

Sababu ni namna redio zenyewe zinavyoitana. Zamani nahodha alishika kipaza sauti, akaita chaneli 16, akataja jina la chombo, alipo na shida iliyompata, tena na tena hadi mtu amsikie. Sasa mtu ambaye maji yamemfika magotini, kusi inavuma, injini inakohoa, atataja nini kikaeleweka? Mfumo wa dunia wa mawasiliano ya dharura baharini, GMDSS, ulioanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Februari 1999, ulileta njia nyingine: redio iseme kwa niaba ya mtu. Unashikilia kitufe sekunde chache, nayo inarusha ujumbe mfupi kwenye chaneli 70, chaneli ambayo haizungumzwi kwa mdomo kabisa. Ujumbe unasema: mimi ni fulani, niko mahali hapa, saa ni hizi. Redio za aina hiyo zilizo karibu zinapiga king'ora, na yako hurudia kila baada ya dakika nne hivi mpaka ijibiwe.

Hiyo "mimi ni fulani" ndiyo ile namba ya tarakimu tisa ya kutambulisha chombo, yaani MMSI. Mashine haijui jina lililopakwa rangi ubavuni mwa boti, na majina yenyewe hufanana mno. Boti ngapi pwani hii zinaitwa Bahati? Ujumbe bila namba ni barua isiyo na mwandishi, ndiyo maana redio inagoma kuutuma.

Tarakimu tatu za mwanzo hutaja nchi. Kenya ni 634. Ukifuatilia kwa simu meli zinazoingia Kilindini utakutana mara kwa mara na 636, ukadhani ni jirani yetu wa karibu, kumbe ni Liberia, ambayo bendera yake hupeperushwa na meli za matajiri wa kila pembe ya dunia. Ile 6 ya mbele ndiyo Afrika; Ulaya huanza na 2. Namba ikianza na sufuri mbili, kama 00634, hicho si chombo bali ni kituo cha nchi kavu.

Hapa Kenya namba hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, pamoja na leseni ya redio ya chombo. Fomu itataka jina la boti, aina yake, mwenyewe ni nani, na mtu wa kupigiwa simu jambo likitokea. Watu huijaza shingo upande, wakidhani ni mambo ya kodi. Kwa maoni yangu, hiyo safu ya mtu wa kupigiwa ndiyo yenye thamani kuliko zote. King'ora kikilia katika kituo cha kuratibu uokoaji kilichofunguliwa hapa Mombasa mwaka 2006, afisa huitafuta namba kwenye kumbukumbu, kisha humpigia mtu wa nyumbani: boti imetoka? Ina watu wangapi? Rangi gani? Ukiandika namba ya simu uliyoitupa zamani, umemnyima hayo majibu.

Mtego mkubwa uko kwenye mitumba. Namba ni ya chombo, si ya redio wala ya mtu. Ukinunua redio iliyotumika Marekani, huenda bado imebeba namba inayoanza na 338. Kule mwenye boti ya starehe asiyevuka mipaka hujisajili mtandaoni kupitia vyama kama BoatUS, na nyingi ya kumbukumbu hizo hubaki humo humo nchini mwao. Wewe unazama Kikambala, anayetafutwa kwa simu ni mzee wa Florida aliyeuza boti yake kitambo. Na usidhani utaibadilisha upendavyo: redio nyingi hukubali namba mara moja au mbili tu, kisha hujifunga mpaka ipelekwe kwa muuzaji ifunguliwe. Hivyo soma mara tatu kabla ya kuthibitisha.

Halafu kuna waya wa GPS. Redio isiyo na GPS ndani yake na isiyounganishwa na ya nje hutuma namba bila mahali, na huo ni uzembe wa kawaida hata kwa wenye boti za bei mbaya.

Ukitaka kujaribu, ita boti ya mwenzio kwa namba yake. Redio yake ikilia, yako iko sawa. Kile chekundu kiache. Na kikibonyezwa kwa bahati mbaya, pengine na mtoto, usijinyamazie: zima redio, iwashe tena, nenda chaneli 16, taja jina la boti na namba yako, useme ilikuwa makosa.