Uhalifu wa Tamil Tigers Haufuti Uhalifu wa Jeshi: Dhana Potofu Kuhusu Haki ya Watamil wa Sri Lanka

Nafundisha sheria za vita, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwasaidia manusura na jamaa zao kuandika maelezo ya yale waliyoyashuhudia. Kuhusu vita vya Sri Lanka kati ya serikali na LTTE, yaani Tamil Tigers, kundi lenye silaha lililopigania nchi huru ya Watamil, kuna hoja moja ambayo nimeisikia mara nyingi mno, kutoka kwa wanafunzi, kwa mawakili wenzangu, na hata kwa wateja wenyewe, ambao wametupiwa hoja hiyo mara kwa mara hadi baadhi yao wakaanza kuiamini. Nitaipa nafasi kubwa kuliko nyingine zote, kwa sababu mtu akishaikubali haoni tena haja ya kuusikiliza ushahidi wowote.

Dhana: Tigers waliwafanya raia kuwa ngao, kwa hiyo damu ya raia hao iko juu ya Tigers peke yao.

Nusu ya kwanza ya kauli hii ni kweli, na anayetetea haki ya Watamil hapaswi kuificha. Jopo la wataalamu lililoteuliwa na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ambalo ripoti yake ilitolewa mwaka 2011, lilieleza kwamba katika miezi ya mwisho ya vita LTTE iliwazuia raia kuondoka Vanni, eneo la kaskazini lililokuwa mikononi mwake, ikawapiga risasi waliojaribu kukimbia, ikawaandikisha kwa nguvu vijana na watoto, na ikafyatua mizinga kutoka karibu na mahema ya wakimbizi. Huo ni uhalifu, na waliotendewa uhalifu huo walikuwa Watamil.

Nusu ya pili haitokani na ya kwanza. Katika sheria ya kimataifa ya kibinadamu, wajibu wa kila upande unasimama wenyewe na hausubiri mpinzani atimize wa kwake. Adui akivunja sheria, jeshi linabaki na wajibu uleule wa kutofautisha mpiganaji na raia, wa kupima kama madhara kwa raia yatazidi faida ya kijeshi inayotarajiwa, na wa kuchukua tahadhari kabla ya kushambulia. Kifungu cha 3, ambacho ni cha pamoja katika Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, kinazibana pande zote katika vita vya ndani ya nchi, na Sri Lanka ni mwanachama wa mikataba hiyo. Raia aliyewekwa mbele ya bunduki kwa nguvu haachi kuwa raia. Kwa kweli ndiye anayehitaji zaidi ulinzi huo, kwa kuwa amenyang'anywa hata uwezo wa kukimbia.

Tukiacha kanuni na kutazama matukio, hoja ya ngao inazidi kudhoofika. Tarehe 21 Januari 2009 serikali yenyewe ilitangaza eneo salama la kilomita za mraba 35.5 na kuwahimiza raia waingie humo. Siku chache baadaye, wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa waliokuwa wameandamana na msafara wa chakula walijikuta wakipigwa makombora usiku ndani ya eneo hilo, karibu na kituo cha kugawia chakula, ingawa walikuwa wamelijulisha jeshi mahali walipo. Kati ya mwisho wa Januari na mwanzo wa Februari, hospitali ya Puthukkudiyiruppu ilipigwa mara kadhaa ikiwa imejaa majeruhi. Gotabaya Rajapaksa, ambaye wakati huo alikuwa Katibu wa Wizara ya Ulinzi, aliieleza televisheni ya Uingereza kwamba hapakupaswa kuwa na hospitali yoyote nje ya eneo salama. Sheria haisemi hivyo hata kidogo. Hospitali inalindwa popote ilipo, na hata inapotumiwa vibaya na adui, onyo linalofaa lazima litolewe kwanza na muda wa kuliitikia upatikane.

Eneo la pili lilitangazwa Februari kwenye ukanda mwembamba wa pwani, na la tatu, dogo zaidi, mwezi Mei. Yote matatu yalipigwa makombora. Tarehe 27 Aprili serikali ilitangaza kwamba imeacha kutumia silaha nzito, lakini wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliona kwamba mashambulizi hayakukoma. Watu waliokuwa Mullivaikkal, kijiji cha pwani, katika siku za mwisho, kabla vita havijamalizika tarehe 18 Mei 2009, walikuwa wamehamishwa kutoka eneo hadi eneo na matangazo ya serikali ileile iliyokuwa ikiwashambulia.

Kuna pia suala la chakula na dawa, ambalo neno "ngao" haliligusi kabisa. Februari 2009 serikali ilishikilia kwamba raia waliobaki Vanni walikuwa takriban 70,000, na shehena za misaada zilipimwa kwa hesabu hiyo. Vita vilipokwisha, zaidi ya watu 280,000 walikuwa wamefungiwa katika kambi za serikali, nyingi zikiwa Menik Farm. Watu hao hawakuzuka ardhini. Maofisa wa serikali waliokuwa wilayani walikuwa wakiwaandikisha na kupeleka takwimu zao wakati wote. Kupunguza hesabu ya watu wenye njaa na majeraha ni uamuzi uliofanywa mbali na mstari wa mapambano, na hakuna mpiganaji wa Tigers aliyemlazimisha ofisa yeyote kuufanya.

Kwa hiyo ninawashauri wanafunzi wangu, na ninakushauri nawe, kwamba mtu akikutajia ngao, usibishane naye kwa jumla. Muulize ni shambulio gani analolizungumzia, la tarehe gani, mahali gani, na lilimlenga mpiganaji gani au silaha gani. Neno "ngao" likitamkwa bila tarehe na mahali haliwi utetezi, kwa kuwa mahakama hupima shambulio moja moja. Ninawaambia vivyo hivyo Watamil wanaokuja kwangu wakitaka kufuta makosa ya LTTE katika maelezo yao kwa hofu ya kuidhoofisha kesi. Msiyafute. Shahidi anayesema kwamba LTTE walimchukua binti yake Machi, na kwamba kombora la jeshi lilimuua mama yake Aprili, ni shahidi mwenye nguvu kuliko yule anayesimulia la pili tu.

Dhana: Idadi ya waliokufa inabishaniwa, kwa hiyo hakuna kilichothibitishwa.

Jopo la mwaka 2011 lilisema vifo vya raia vinaweza kufikia 40,000. Uchunguzi wa ndani wa Umoja wa Mataifa, uliotolewa Novemba 2012 na kukiri kwamba taasisi hiyo ilishindwa vibaya kuwalinda raia, ulitaja watu zaidi ya 70,000 ambao hawajulikani walipo. Askofu wa Mannar, Rayappu Joseph, aliieleza tume ya serikali mwaka 2011 kwamba kwa takwimu za ofisi za serikali zenyewe, watu 429,059 walikuwa Vanni mwanzoni mwa Oktoba 2008, na 282,380 ndio waliotokea upande wa serikali. Tofauti ni watu 146,679, na aliuliza wamekwenda wapi. Swali hilo halijajibiwa. Hesabu hizi hazilingani kwa sababu hazipimi kitu kimoja, na kwa sababu waandishi na mashirika huru walizuiwa kufika. Aliyefunga mlango wa kuhesabu hawezi kuutumia upungufu wa hesabu kuwa utetezi wake.

Dhana: Anayewakumbuka waliokufa Mullivaikkal anawatukuza magaidi.

Dhana hii ina madhara kwa watu wa kawaida kabisa. Kila Mei, Watamil wa kaskazini na mashariki hupika na kugawa uji wa mchele uliochemshwa kwa maji na chumvi, kwa kuwa ndio mlo uliowaweka hai waliozingirwa. Mei 2024, katika wilaya ya Trincomalee, watu walikamatwa kwa sababu ya uji huo. Januari 2021 mnara wa kumbukumbu katika Chuo Kikuu cha Jaffna ulibomolewa usiku, ukajengwa upya baada ya wanafunzi na wananchi kupinga. Ni kweli kwamba tarehe 27 Novemba ni siku ya wapiganaji wa LTTE waliokufa, nayo ina mjadala wake, ingawa hata mama wa mpiganaji ana haki ya kumlilia mwanawe kaburini, haki ambayo jeshi lilimnyima lilipoyasawazisha makaburi hayo. Tarehe 18 Mei ni ya raia. Bunge la Kanada liliitambua mwaka 2022 kuwa siku ya kukumbuka mauaji ya kimbari ya Watamil.

Nikiligusa hilo neno, wengi hudhani kwamba mauaji ya kimbari huthibitishwa kwa wingi wa maiti. Wasomaji wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulijua hili vizuri kuliko wengi, kwa kuwa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ndiyo ya kwanza ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo, katika hukumu ya Akayesu ya tarehe 2 Septemba 1998. Msingi wa kosa ni nia ya kuliangamiza kundi, lote au sehemu yake, na mahakama hiyo ilikubali kwamba nia inaweza kubainishwa kutokana na mazingira na mfululizo wa matendo. Mmoja wa majaji wale alikuwa Navi Pillay, Mwafrika Kusini wa asili ya Kitamil, ambaye baadaye akiwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu alikwenda Sri Lanka mwaka 2013 na kukutana na familia za waliotoweka. Baraza la Jimbo la Kaskazini lilipitisha azimio la kuyaita yaliyotendeka mauaji ya kimbari mwaka 2015, ilhali ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huohuo ilijenga hoja yake juu ya uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Ninachowashauri wateja ni kueleza walichokiona, pamoja na maneno waliyoyasikia kutoka kwa askari, maana maneno hayo ndiyo yatakayompa jaji kitu cha kuipima nia.

Dhana: Waliotoweka wamekufa, familia zichukue vyeti vya kifo na fidia.

Januari 2020 Gotabaya Rajapaksa, akiwa Rais, alimwambia mwakilishi wa Umoja wa Mataifa kwamba waliotoweka wamekufa. Akina mama wanaokaa kando ya barabara Kilinochchi tangu tarehe 20 Februari 2017 wanauliza jambo jingine: wamekufa vipi, wakiwa mikononi mwa nani? Wengi wao waliwakabidhi waume na watoto wao kwa jeshi kwa mikono yao wenyewe mwezi Mei 2009, mchana, mbele ya mashahidi. Kutoweshwa kwa nguvu ni kosa linaloendelea hadi ukweli wa mtu husika ujulikane, na Sri Lanka iliridhia mkataba wa kimataifa kuhusu kosa hilo mwaka 2016. Cheti cha kifo kinachotolewa bila uchunguzi hakijibu chochote. Kina mama wengi wameshafariki wakisubiri.

Dhana: Ni ugomvi wa Watamil na Wasinhala, ambao ndio wengi nchini. Oktoba 1990 LTTE iliwafukuza Waislamu wote wa Jimbo la Kaskazini, zaidi ya watu 70,000, nao bado wana madai. Wasinhala maelfu walitoweshwa mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati serikali ilipozima uasi wa JVP, chama cha mrengo wa kushoto. Sandya Eknaligoda, Msinhala, anamtafuta mumewe, mwandishi Prageeth, tangu Januari 2010. Familia hizi zinadai kitu kimoja.

Dhana: Yote yalianza Julai 1983, katika ghasia za kuwaua Watamil zilizofuatiwa na vita. Watamil wa mashamba ya chai walinyimwa uraia kwa sheria ya mwaka 1948, Kisinhala kikafanywa lugha rasmi pekee mwaka 1956, na maktaba ya Jaffna, yenye vitabu zaidi ya 90,000, ikachomwa moto mwaka 1981. Anayeanza kusimulia mwaka 1983 ameanzia katikati.

Dhana: Mahakama za Sri Lanka zitashughulikia. Sajenti Sunil Ratnayake alihukumiwa kwa mauaji ya raia wanane Watamil huko Mirusuvil mwaka 2000, watoto wakiwemo. Mahakama ya Juu ilithibitisha hukumu mwaka 2019, na Machi 2020 Rais akamsamehe. Hii ni moja ya kesi chache sana zilizofika mwisho.

Dhana: Basi waende The Hague. Sri Lanka haimo katika Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko huko, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa halijaipeleka mbele ya mahakama hiyo. Njia zilizopo ni mahakama za nchi nyingine zenye mamlaka ya kushtaki uhalifu huu popote ulipotendeka, vikwazo, kama vile Uingereza ilivyowawekea Machi 2025 makamanda watatu wa zamani wa majeshi pamoja na Karuna, kamanda wa zamani wa LTTE aliyeihama, na mradi wa kukusanya ushahidi ulioanzishwa kwa azimio la Baraza la Haki za Binadamu mwaka 2021.

Mradi huo ndio unaonifanya nikose subira na dhana ya mwisho, kwamba miaka imepita na ushahidi umeoza. Mwaka 2025 pale Chemmani, karibu na Jaffna, zilifukuliwa maiti zaidi ya 200, za watoto zikiwemo, kwenye eneo ambalo askari mmoja alilitaja mahakamani tangu mwaka 1998. Mwaka 1999 zilipatikana maiti 15 tu na uchimbaji ukaishia hapo. Mifupa inasomeka ikichimbwa na wataalamu huru, ikilindwa, na ikilinganishwa na vinasaba vya jamaa. Kwa hiyo kama una ndugu aliyetoweka, toa sampuli yako kwa maabara inayoaminika mzazi mzee akiwa bado hai. Hifadhi kadi ya usajili ya kambi, picha na kila stakabadhi katika hali yake ya asili, wala usiandike chochote juu yake. Andika tarehe, mahali, na jina la kikosi kama ulilijua, kisha tenganisha uliyoyaona na uliyosimuliwa, na usaini kila ukurasa.