Seli inavyoeleza dawa unayopewa

Wengi wetu tunaondoka dirisha la dawa na maelezo ya mstari mmoja: moja mara tatu, baada ya kula. Dawa yenyewe inakwenda kufanya nini mwilini, hatuambiwi. Maswali haya huulizwa sana na wagonjwa na wanaowauguza, na majibu yake yote yanaanzia kwenye seli.

Seli ni nini?

Ni sehemu ndogo kabisa ya mwili iliyo hai yenyewe. Imezungukwa na utando laini, na nyingi zina kiini kinachotunza vinasaba. Angalia zaidi huo utando: una milango midogo ya protini, na kila mlango huchagua kinachopita.

Mtoto anaharisha. Kwa nini apewe ORS (unga wa chumvi na glukosi unaochanganywa na maji) badala ya maji matupu?

Tuchukue kipindupindu, maana kinaonyesha jambo hili waziwazi. Bakteria wake hawatoboi utumbo. Wanatoa sumu inayoingia kwenye seli za utumbo mwembamba na kulazimisha milango ya chumvi ibaki wazi. Chumvi inamwagika utumboni, maji yanaifuata, na mgonjwa hupoteza lita nyingi kwa siku. Ukimpa maji matupu, hayana cha kuyavuta kuingia ndani; mengi yanapita tu, na chumvi iliyopotea hairudi.

Lakini uko mlango mmoja ambao sumu hiyo haiuharibu. Unapitisha sodiamu (iliyomo kwenye chumvi) na glukosi (aina ya sukari) zikiwa pamoja, na zikishaingia, maji huzifuata. Mwanabiokemia Robert Crane aliueleza mwaka 1960. Ndiyo maana ORS ya lita moja ina glukosi gramu 13.5 na chumvi ya kawaida gramu 2.6, pamoja na potasiamu na sitreti. Mwaka 1971, kwenye kambi ya wakimbizi nchini India karibu na mpaka wa Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu akaanza kuwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa chumvi na glukosi. Vifo vilivyokuwa kama asilimia 30 vilishuka chini ya asilimia 4. Kwangu mimi, hakuna ugunduzi wa seli uliookoa watoto wengi kwa gharama ndogo namna hii.

Kwa hiyo nawasihi walezi: changanyeni pakiti na kiasi kilekile cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Ukipunguza maji, au ukiongeza sukari ili mtoto aipende, mchanganyiko mzito huyavuta maji ya mwili kuyarudisha utumboni, na kuharisha kunazidi. Mpe kijiko kimoja kimoja. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole. Wala usiache kumpa eti kwa kuwa bado anaharisha. Kazi ya ORS ni kurudisha maji, si kufunga choo. Akilegea, akishindwa kunywa, macho yakibonyea au choo kikiwa na damu, mpeleke hospitali bila kuchelewa.

Nina mafua. Kwa nini daktari amekataa kuniandikia antibiotiki?

Kwa sababu haina cha kushambulia. Bakteria ni seli, na nje ya utando wao wengi wana ukuta mgumu ambao seli zetu hazina. Penisilini, aliyoigundua Alexander Fleming mwaka 1928, huzuia ukuta huo usijengeke vizuri, bakteria anapasuka, na seli zako zinabaki salama. Kirusi cha mafua si seli. Hakina ukuta, na huzaliana kwa kutumia mitambo ya seli yako mwenyewe. Ukimeza antibiotiki, utawaua bakteria wema wa utumboni na kuwaachia nafasi wale sugu.

Kipimo cha HbA1c kinajuaje sukari yangu ya miezi mitatu iliyopita?

Seli nyekundu ya damu huishi takriban siku 120. Siku zote hizo, sukari iliyo kwenye damu hunata polepole kwenye himoglobini yake, yaani protini inayobeba oksijeni, na haibanduki. Kufunga kula siku mbili kabla ya kliniki hakufuti kilichonata mwezi uliopita. Ila mweleze daktari kama una selimundu (ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu) au umeongezewa damu karibuni, kwani umri wa seli ukibadilika majibu yanaweza kupotosha.

Selimundu inaumiza kwa nini?

Herufi moja tu imebadilika kwenye kinasaba cha himoglobini. Himoglobini hiyo ikipoteza oksijeni hushikana na kuwa nyuzi ngumu, seli laini ya duara inajipinda kama mundu, inakwama kwenye mishipa myembamba, na sehemu iliyo mbele inakosa oksijeni. Hayo ndiyo maumivu, na ni ya kweli; mgonjwa asiambiwe anajidekeza. Seli hizo huishi siku 10 hadi 20 tu, ndipo upungufu wa damu unapotokea. Dawa ya haidroksiurea huuamsha mwili utengeneze tena himoglobini ya aina aliyokuwa nayo mtoto tumboni, ambayo haijipangi kuwa nyuzi.

Mbona dawa za saratani hunyoa nywele?

Saratani ni seli zilizoacha kutii amri ya kusimama, zinagawanyika tu. Dawa nyingi za tibakemia huwinda seli yoyote inayogawanyika haraka, na mashina ya nywele, ngozi ya ndani ya mdomo na uboho ni miongoni mwa hizo. Nywele kwa kawaida huota tena. La kuogopa zaidi ni uboho, unaotengeneza seli nyeupe za kinga. Zikipungua, maambukizi madogo husambaa kwa saa chache, kwa hiyo anayepata tibakemia akishikwa na homa aende hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na anajiona ana nguvu.