Samaki wa Tobia na swali la mwenye mamlaka juu ya Maandiko

Mwaloni Kirumba, jijini Mwanza, magunia ya dagaa yakisubiri mizani, niliwasikia wafanyabiashara wawili wakibishana juu ya samaki asiyevuliwa Ziwa Victoria: yule aliyeruka kutoka mto Tigri kumvamia kijana Tobia, na ambaye nyongo yake ilimponya macho Tobiti, baba wa Tobia. “Dada, hicho kitabu mmekiongeza ninyi Wakatoliki,” alisema mmoja, akipekua Union Version yake, Biblia ya Waprotestanti, asikione kitabu cha Tobiti. Mwenzake akajibu kwamba Martin Luther, mwanzilishi wa matengenezo ya Kiprotestanti, ndiye aliyekitoa, maana kilipitishwa katika mtaguso, yaani mkutano wa maaskofu, wa Nikea.

Kwanza, Nikea haikupitisha kitabu chochote. Mtaguso ule wa mwaka 325 ulishughulikia mafundisho ya Ario, padri aliyekana umungu kamili wa Kristo, tarehe ya Pasaka na nidhamu ya Kanisa. Kanuni zake 20 hazina orodha ya vitabu vya Biblia.

Kuhusu Tobiti, historia haimpi yeyote kati yao ushindi wa haraka. Athanasio, askofu wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367 alitaja vitabu 27 vya Agano Jipya, vilevile tulivyo navyo leo, lakini Tobiti alikiweka pembeni, kisomwe na wanaoingia katika imani. Miaka 30 baadaye mtaguso wa Karthago ulikihesabu ndani, na mtaguso wa Kikatoliki wa Trento ukathibitisha hivyo tarehe 8 Aprili 1546. Luther naye hakukitupa: katika Biblia yake ya mwaka 1534 alikichapa katika sehemu ya pekee, akisema vitabu hivyo ni vizuri kusomwa ingawa havilingani na Maandiko.

Dhana nyingine, ambayo kwa kweli imenichosha, ni kwamba Mkatoliki husubiri padri amsomee ilhali Mprotestanti hufasiri apendavyo. Hati ya Dei Verbum ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani, ya mwaka 1965, inaikabidhi mamlaka ya kufundisha ya Kanisa ufafanuzi rasmi, lakini inasema mamlaka hiyo haiko juu ya Neno la Mungu bali inalitumikia, na inataka waamini wote wafunguliwe mlango wa Maandiko. Vifungu 39 vya Waanglikana, tamko la msingi la imani yao, navyo, katika kifungu cha 20, vinalipa Kanisa mamlaka katika mabishano ya imani, mradi lisiagize jambo lolote linalopingana na Neno lililoandikwa. Kifungu cha 6 kinakitaja hata Tobiti kwa jina, miongoni mwa vitabu vya kusomwa kwa mfano wa maisha, si kwa kuthibitisha fundisho.